Pampu ya bluu haifungui kifua kama zamani, naamka kila usiku. Mwili umeizoea dawa au kuna kingine?

kifua_kizito

Habari zenu jamani, naomba mnisome mpaka mwisho hata kama nimeandika ndefu maana sijui hata nianzie wapi. Nina pumu tangu nikiwa na miaka 9, sasa nina 46, na kwa muda mrefu kwakweli nilikuwa nimeshaisahau. Navuta pampu ya kahawia ya kuzuia asubuhi na jioni, ile ya bluu ya kufungua kifua nikibanwa inakaa tu kwenye mkoba, kopo moja la bluu lilikuwa linanichukua miezi minne mpaka mitano. Sasa kuanzia kama miezi minne iliyopita mambo yamegeuka kabisa.

Naamka saa tisa usiku. Si mara moja moja, ni karibu kila siku, kifua kimebana kama mtu kanikalia na kinapiga filimbi mpaka mume wangu anaamka kabla yangu. Nakaa pembeni ya kitanda miguu chini, mikono kwenye magoti, navuta ya bluu mara mbili halafu nasubiri ile hali ya kufunguka niliyoizoea maisha yangu yote, haiji. Inakuja nusu. Navuta tena, mikono inatetemeka, moyo unakimbia, ila kifua bado. Saa nyingine nakaa hivyo hivyo mpaka kunakucha na asubuhi naenda kazini kama mtu aliyepigwa.

Nimeenda hospitali, daktari akaniongezea dozi ya kahawia mara mbili na akanipa prednisoloni, vile vidonge vya stiroidi vya kutuliza uvimbe, siku 5. Zile siku 5 nikapata nafuu nikalala, nikasema basi imeisha, wiki mbili mbele nikawa palepale. Nikarudi nikapewa vidonge tena, hadithi ileile. Hapa ninapoandika kopo la bluu nimelimaliza kwa wiki tatu na siku mbili.

Naomba kuuliza, mwili unaweza kuizoea dawa mpaka ikaacha kufanya kazi? Na nyie mliopitia hali hii mlifanyaje? Mimi sasa jua likizama tu naanza kuogopa.

mvuta_pole

Pole sana dada yangu, hiyo ya kusubiri kifua kifunguke na hakifunguki naijua, usiku unakuwa mrefu sana.

Nikwambie yaliyonikuta mimi. Nilihangaika mwaka na zaidi, nikabadilishiwa dawa mara tatu, kila moja naiona maji tu. Siku moja kliniki nikakutana na nesi mmoja akaniambia hebu vuta nikuone. Miaka 11 natumia pampu na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hebu vuta nikuone! Nikatoa kopo nikatikisa, nikafungua mdomo, nikabonyeza, nikavuta. Akanyamaza. Akaniambia rudia ukiwa unajitazama kwenye kioo pale. Nikarudia nikaona moshi mweupe unatoka puani na mwingine pembeni ya midomo. Dawa yote ilikuwa inaishia kwenye ulimi na kooni, kwenye mapafu haikuwa inafika ya maana.

Akanifundisha upya kama mtoto. Unatikisa, unatoa pumzi yote nje taratibu, unafunga midomo vizuri kuzunguka mdomo wa pampu, unaanza kuvuta POLEPOLE halafu ndio unabonyeza huku unaendelea kuvuta mpaka mapafu yajae, unashika pumzi unahesabu mpaka 10, unasubiri kama nusu dakika ndio unapiga ya pili. Mimi nilikuwa nabonyeza kwanza navuta baadae, tena navuta kwa pupa. Kumbe kuvuta kwa nguvu ni kwa zile pampu za unga, hizo ndio zinataka uvute haraka na kwa nguvu maana pumzi yako ndio inayoubeba ule unga. Mimi nilikuwa nazo aina zote mbili na nazivuta sawasawa, kwahiyo kila moja naikosea kivyake.

Sisemi ndio tatizo lako, ila kabla hujakubali kwamba dawa imekataa mtafute mtu anayejua akuangalie ukivuta. Usimwelezee, mvutie akuone.

nesi_wa_zamu

Dada kifua_kizito pole. Mimi nafanya kazi kliniki ya kifua, siwezi kukupima kwa maandishi ila kuna mambo kwenye maelezo yako siwezi kuyapita.

Kuhusu mwili kuzoea, inategemea unaongelea kopo lipi. Ya kahawia, yaani ile yenye stiroidi, mwili hauizoei kwa namna unayoogopa wewe, mtu anaitumia miaka 20 na inafanya kazi. Ya bluu, salbutamoli, hiyo ni tofauti. Ukiitumia kila siku mara nyingi, vile vipokezi kwenye misuli ya mirija ya hewa ambavyo dawa inavishika vinapungua mwitikio, kwahiyo kinga yake inashuka na mirija inakuwa nyepesi kukasirika. Na kumbuka ya bluu inalegeza misuli tu, ule uvimbe wa ndani ya mirija haiugusi, kwahiyo unajisikia umefunguka masaa matatu manne halafu chini kwa chini ugonjwa unaendelea.

Kopo lina puliza 200. Kulimaliza kwa wiki tatu ni kama puliza 8 au 9 kwa siku, hiyo ni nyingi mno. Mtu anayetumia makopo 3 au zaidi kwa mwaka tayari hatari ya kupata shambulio kubwa imepanda, na anayefika 12 kwa mwaka hatari ya kifo yenyewe inapanda. Sikutishi dada, nakuambia ili ujue hiyo namba ukiipeleka kwa daktari inaongea kuliko kusema tu "sijisikii vizuri". Ndio maana mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, tangu 2019 haushauri tena mtu mzima atibiwe kwa ya bluu peke yake. Siku hizi wengi wanapewa kopo moja lenye stiroidi pamoja na formoteroli (dawa ya kulegeza mirija), wanalitumia la kila siku na hilohilo wakibanwa, ili kila wakituliza kifua na uvimbe nao unapata dawa. Muulize daktari wako kama linakufaa.

Sasa naomba unijibu haya. Unatumia spesa, ule mtungi wa plastiki unaochomekwa kwenye pampu, au unavuta moja kwa moja mdomoni? Kaunta ya kopo la kahawia, ile namba ya puliza zilizobaki, inasoma ngapi, na kama halina kaunta unajuaje limeisha (usiniambie unalitumbukiza kwenye maji uone kama linaelea, hicho kipimo hakiaminiki)? Una mafua yasiyoisha, pua kuziba, kiungulia ukilala? Umehama nyumba, umebadilisha kazi, kuna mnyama ameingia ndani, kuna ukuta wenye ukungu, kuna anayevuta sigara? Na hili ndio kubwa, kuna dawa YOYOTE nyingine umeanza ndani ya miezi hii minne mitano? Namaanisha yoyote, ya maumivu, ya presha, ya kupaka, ya macho, ya kichwa. Watu wananitajia za pumu tu maana wanaona hizo nyingine hazihusiani na kifua.

Kabla sijasahau. Ukifika mahali huwezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, au midomo inabadilika rangi, au unasinzia kwa kuchoka, au ya bluu inashindwa kukushika hata masaa manne, hiyo si ya kusubiri kukuche. Kaa wima usilale, piga puliza moja kwenye spesa vuta pumzi mara nne, fanya hivyo mpaka zifike puliza nne, subiri dakika nne, kama bado rudia, na huku usafiri wa hospitali unatafutwa. Mume wako ajue hilo kwa kichwa, maana ukibanwa wewe hutaweza kumwelekeza.

seremala_mstaafu

Kwa upande wangu ilikuwa kazi. Vumbi la mbao. Nilikuja kugundua nilipolazwa nyumbani na mguu mwezi mzima, mguu unauma ila kifua kimenyooka, nimerudi karakana siku ya tatu kifua kinalia. Dada jiangalie siku za mapumziko, kama unapumua vizuri ukiwa likizo halafu ukirudi kazini unabanwa basi jibu unalo. Wapo wa saluni na zile dawa za kuondoa rangi ya nywele, wapo wanaokanda unga usiku kucha, wapo wanaosafisha na dawa kali. Mimi nilipewa dawa za kila aina na hakuna iliyonisaidia mpaka nilipotoka kwenye lile vumbi.

mama_wa_nyumba_kubwa

Mi naomba niseme kitu na msinielewe vibaya, hizo stiroidi za kila siku si ndio zinazomaliza nguvu ya mwili? Dada yangu mimi ningekuwa wewe ningezipumzisha kwanza mwezi mmoja mwili usahau halafu nianze upya, nimesikia wengi wamefanya hivyo.

nesi_wa_zamu

Mama najua umeandika kwa upendo lakini hilo naomba dada asilifanye hata siku moja. Watu wanaoletwa kwetu wakiwa wameishiwa pumzi kabisa, wengi ukiwauliza unakuta waliacha ya kahawia wiki kadhaa nyuma kwa sababu walijisikia vizuri au waliambiwa mwili utaizoea. Ukiiacha uvimbe unarudi kidogokidogo bila wewe kujua, na siku unapata mafua ya kawaida tu yanakukuta huna kinga.

Hofu ya stiroidi nyingi inatoka kwenye vidonge, na kwa vidonge ni kweli, mtu akivitumia mara kwa mara vinapandisha sukari, vinadhoofisha mifupa, vinaleta mtoto wa jicho. Ile ya kuvuta dozi yake inahesabiwa kwa mikrogramu na inaenda palepale panapouma. Miligramu moja ya kidonge ni mikrogramu 1,000. Kinachosumbua wengi ni sauti kukauka na fangasi mdomoni, na hiyo unaizuia kwa kusukutua na kutema kila ukimaliza kuvuta, na kutumia spesa. Na dada huyu akiacha ya kahawia sasa hivi atajikuta anarudishwa kwenye vidonge ambavyo ndio vyenye hayo madhara tunayoyaogopa wote.

mama_wa_nyumba_kubwa

Sawa nimekuelewa, asante kwa kunieleza. Dada usifuate nililosema.

kifua_kizito

Jamani asanteni, nimesoma yote na mume wangu kasoma pia, ile ya puliza nne kaiandika kwenye karatasi kaibandika nyuma ya mlango wa chumba.

Nijibu kwa haraka. Spesa sina, navuta moja kwa moja. Nimejaribu mbele ya kioo kama alivyosema kaka mvuta_pole na moshi umetoka puani kweli, si mwingi lakini umetoka. Kaunta ya kahawia inasoma 64 kwahiyo dawa ipo. Sijahama, mnyama sina, sigara hamna ndani. Pua huwa inaziba upande mmoja na nimepoteza harufu, siku hizi hata sabuni siinusi, nilidhani ni mafua tu.

Dawa nyingine sinywi. Ila uliposema ya macho nikashtuka. Kama miezi mitano iliyopita nilipimwa macho nikaambiwa nina presha ya macho, nikapewa matone natia asubuhi na usiku kabla ya kulala. Nimetoa kile kichupa kwenye droo sasa hivi nimekishika, kimeandikwa timololi. Sikuwahi kumwambia daktari wa kifua maana ni macho, na yule wa macho hakuniuliza habari ya kifua na mimi sikusema. Inaweza kuwa ina uhusiano??

nesi_wa_zamu

Dada, ndio. Ina uhusiano mkubwa na nakuomba kesho asubuhi usifanye kitu kingine chochote kabla ya hiki.

Timololi ni ndugu wa dawa za presha na moyo kama propranololi. Zinaziba vile vipokezi ambavyo salbutamoli inavihitaji ili kulegeza mirija. Yaani wewe unavuta ya bluu na mahali inapotakiwa kushika pameshashikwa na dawa nyingine. Ndio maana unasema inakuja nusu. Hata sentensi yako ya kwanza kabisa nikiirudia sasa naiona. Na usione ni tone tu la jichoni, tone likiingia linashuka kupitia kitundu cha machozi kwenye kona ya ndani ya jicho mpaka puani, pale linanyonywa na kuingia kwenye damu moja kwa moja bila kupita kwenye ini, kwahiyo linafika kwenye mapafu likiwa na nguvu. Mtu mwenye pumu hapaswi kupewa hiyo.

LAKINI usiitupe ukakaa kimya. Presha ya macho isipotibiwa inapofua, na inapofua taratibu bila maumivu, kilichopotea hakirudi. Yapo matone ya aina nyingine, kwa mfano latanoprosti, ambayo hayabani kifua hivyo. Kwahiyo kesho nenda kwa daktari wa macho na kichupa mkononi, mwambie nina pumu na tangu nianze hii naamka kila usiku, akubadilishie siku hiyohiyo. Halafu nenda kwa wa kifua na makopo yako yote na kichupa hicho, mwambie na habari ya pua na harufu. Na kama usiku huu utabanwa kama unavyoeleza usisubiri kesho, nenda dharura, na uwaambie hukohuko kwamba unatumia timololi.

Kuhusu pua nina sababu ya kuuliza. Kuziba pua na kupoteza harufu kwa mtu mwenye pumu kunaweza kuwa vinyama vya puani, na wenye hali hiyo baadhi yao wanabanwa wakinywa aspirini, ibuprofeni au diklofenaki. Kwa watu wazima wenye pumu ni kama 7 katika 100. Je ukiumwa kichwa unanywa nini? Mpaka uonwe kaa mbali na hizo.

Spesa ukiikosa kwa sasa, chupa ya plastiki ya nusu lita inasaidia. Unatoboa tundu kwenye kitako lenye umbo la mdomo wa pampu ikae imebana, unavutia kwenye mdomo wa chupa. Ioshe kwanza na maji ya sabuni ya vyombo uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, ukiifuta inapata umeme ule wa kuvuta vumbi na dawa inanata ukutani.

pumzi_ya_kuazima

Nimekaa kimya nikisoma ila naona niongeze kwa ajili ya wengine watakaopita hapa, maana sio kila mtu atakuta kichupa kwenye droo.

Mimi ni yule ambaye alikaguliwa kila kitu. Uvutaji wangu wa pampu sawa, spesa ninayo, vumbi nimelitoa, shuka nafua kwa maji ya moto nyuzi 60, asidi ya tumbo imetibiwa, dawa sijawahi kuruka, na bado nilikuwa nalazwa mara tatu kwa mwaka. Kuna watu wa aina yetu, kama 4 katika 100 ya watu wazima wenye pumu, ambao pumu yao ni kali yenyewe. Nilikunywa prednisoloni karibu miaka mitatu, ukiacha inarudi, ukinywa uso unavimba, sukari ikapanda, hasira hazina sababu. Kilichoniumiza kuliko yote ni kuulizwa kila mara "una hakika unatumia dawa?" na mtu anayeniangalia kama mwongo.

Nilipofika kwa bingwa akapima damu akaangalia zile seli nyeupe za damu zinaitwa eosinofili, zangu zilikuwa juu sana, akanieleza kuna sindano zinazolenga chanzo cha uvimbe huo. Ya kwanza kabisa ya pumu, omalizumabu, iliidhinishwa Marekani 2003 kwa wenye pumu ya aleji, na ninayochoma mimi, mepolizumabu, ilikuja 2015, nachoma kila wiki nne. Hazipatikani kila mahali na sio kila mwenye pumu zinamfaa, lakini ukishafika hatua ya kumeza vidonge vya stiroidi mara mbili au zaidi kwa mwaka una haki ya kuomba uonwe na bingwa. Omba. Mimi nilisubiri nipelekwe, nikapoteza miaka.

Na dada ile hofu ya jua kuzama usiione ni udhaifu. Mimi nilikuwa siwezi kutofautisha kifua kimebana kwa pumu au kwa woga, vyote vinafanana. Kilichonisaidia ni kile kipima pumzi cha kupuliza, pikiflo. Napuliza mara tatu asubuhi na mara tatu jioni, naandika kubwa kuliko zote. Ukijua namba yako bora ukiwa mzima, basi asilimia 80 kwenda juu ni salama, kati ya 50 na 80 unafuata maelekezo ya daktari ya kuongeza dawa, chini ya 50 ni hospitali. Usiku nikishtuka napuliza kwanza. Namba ikiwa nzuri najua hii ni hofu, nakaa napumua polepole inapita. Namba ikishuka najua sio hofu na sibishani nayo.

mvuta_pole

Dada kifua_kizito tupo, ukitoka kwa madaktari urudi utuambie tafadhali. Usiku wa leo lala umeinuka na mito miwili mitatu na mume asizime simu.

kifua_kizito

Nimerudi, zimepita wiki saba, samahani nimechelewa.

Ule usiku tulienda dharura, saa tisa na nusu, ya bluu ilikuwa haishiki hata saa moja. Mume wangu ndio aliyeongea maana mimi maneno mawili pumzi imeisha, na kitu cha kwanza alichomwambia daktari ni timololi, akamwonyesha na kichupa. Yule daktari aliniangalia akasema nani alikupa hii, halafu hakusema tena, akaanza kazi. Nililazwa siku mbili.

Daktari wa macho alinibadilishia matone, sasa natia mara moja tu usiku, na presha ya macho nimepimwa tena iko chini. Aliomba radhi. Mimi pia nilimwambia nilitakiwa kusema. Wa kifua akanikagua jinsi ninavyovuta, akanipa spesa na lile kopo moja la stiroidi na formoteroli. Pua nimechunguliwa, vinyama vipo pande zote mbili, nimepewa dawa ya kupuliza puani na nina tarehe ya kuonana na bingwa wa pua. Na nesi, nikiumwa kichwa nilikuwa nanywa ibuprofeni, nimeacha, nimeambiwa parasetamoli.

Sio kwamba nimepona kabisa kama zamani. Wiki ya kwanza na ya pili bado niliamka, nilivunjika moyo nikadhani tumekosea. Kadi yangu ya zamani inaonyesha namba yangu bora ilikuwa 420, siku natoka hospitali nilipuliza 260, wiki ya tatu 310, leo asubuhi 375. Ngazi bado zinanichosha na vumbi la kufagia sitaki kulisikia. Harufu haijarudi.

Juzi usiku niliamka saa tisa. Nikakaa pembeni ya kitanda kama kawaida mikono kwenye magoti, nikisubiri kifua kibane. Nikachukua pikiflo gizani nikapuliza, nikawasha taa ya simu kusoma, 360. Nikakaa tena kidogo. Nikamsikia mume wangu anakoroma, usiku kucha miezi yote ile sikuwahi kumsikia akikoroma maana na yeye alikuwa halali. Nikarudi kulala. Kopo la bluu bado nimeliweka kwenye droo kwa ajili ya tahadhari, nimelifungua siku natoka hospitali, sasa hivi nimeangalia kaunta inasoma 188.